Kikombe cha Dirishani

Matisi, Kitale

Shangazi Nasike,

Huku mvua imeanza, na nywele zangu pia zinaota tena.

Jumatatu nilirudi kazini. Meneja akasema, "Jentrix, wewe bado kijana, si upumzike kwanza?" Meza yangu ameshampa Joy. Saa nne ya chai nilikuta kikombe changu dirishani peke yake, kimepakwa rangi ya kucha. Ati kansa inaambukiza.

Nikakukumbuka wewe, ukirudi nyumbani Bokoli na kikombe chenye alama kama hiyo, baada ya kuambiwa kazini kwamba umezeeka, upumzike. Nilikuwa darasa la tano. Ulinimiminia chai humo nikakataa kukigusa, nikiogopa kansa yako. Ukainywa mwenyewe.

Bado unacho? Nakuja Jumamosi. Nimiminie tena.

Mtoto wako,
Jentrix