Simu Ndani ya Sufuria

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Mbao.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Kadogo,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako mdogo. Hujambo mwanangu? Unaendeleaje na kazi, na kile kifua kinachokusumbua baridi ikizidi? Wale wazee unaowatunza huko siku hizi wanakula, au bado wanakutemea uji? Mimi sijambo, ni mgongo tu, na mgongo wa fundi cherehani hauponi mpaka astaafu. Mama yako naye ni mzima wa afya. Nalisema hilo mapema ili usiisome barua hii roho ikiwa juu.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Unasema mama yako amekususa, kwamba tangu ulipomwambia hutakuja nyumbani likizo hii hapokei simu zako, na kwa hiyo umebadili namba. Hiyo mpya hukutaka kuniandikia hata mimi. Mwanangu, hasira hizo umezirithi upande wetu, sina pa kukulaumu. Lakini umekosea. Mama yako hajakususa. Kaa nikueleze, maana hata mimi nilikwenda kwake nimejifunga kibwebwe.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Sikungoja hata kukaribishwa.

"Dada, mtoto amekukosea nini?"

Akaweka kidole mdomoni. Akanishika mkono, akanitoa mpaka uani kwenye kamba ya nguo, ndipo akaninong'oneza.

"Sema polepole. Wanasikiliza."

"Kina nani?"

"Hao waliomo kwenye simu."

Nikasema moyoni, basi, dada yangu ndiyo hivyo tena. Nikamgusa paji la uso kuona kama ana homa, akanisukuma mkono. Akanipeleka chumbani, akainama, akavuta kutoka uvunguni ile sufuria kubwa ya kupikia wageni. Juu ya mfuniko alikuwa ameweka pasi, ili usifunguke. Ndani kulikuwa na shali, ndani ya shali taulo, na ndani ya taulo simu uliyomnunulia, imezimwa na kulazwa kifudifudi isimwone mtu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, mama yako huangalia kwenye simu hali ya hewa ya huko uliko. Wewe hulijui hilo na mimi sikulijua. Majirani ndio wanaojua, kwa kuwa huwatangazia juu ya ukuta wa ua: leo kwa mwanangu kuna mvua, na yule hapendi kubeba mwavuli. Basi siku ya pili baada ya kuongea kuhusu likizo, alifungua ukurasa fulani wa hali ya hewa, kioo chote kikawa chekundu, simu ikatetemeka na kupiga king'ora. Yakatokea maandishi makubwa kwamba simu yake imedukuliwa, kwamba kuna mtu anamwona na kumsikiliza, kwamba picha na namba za watu wake wote zinachukuliwa, na kwamba abonyeze hapo sasa hivi ajiokoe.

Mwingine angebonyeza. Mama yako hakubonyeza. Unaijua kazi aliyoifanya mpaka akastaafu, pale hospitali, kuunganisha simu za watu, kutwa ana vidude masikioni na waya mkononi. Kazini kwao walikuwa na sheria. Ukigundua kuna mtu wa tatu kwenye laini, chomoa waya. Usiage wala usieleze, maana ukieleza na yeye anasikia. Kwanza mlinde aliye upande wa pili, maelezo yatakuja baadaye. Basi akachomoa. Picha iliyo mbele kabisa kwenye simu ile ni yako, namba anayoipiga zaidi ni yako, na anajua unaishi peke yako ugenini. Aliona heri wewe umkose kuliko watu hao wakupate kupitia kwake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi, mdogo wake wa tumbo moja.

"Na wewe una simu mkobani," akanijibu.

Nikamtolea barua yako. Aliisoma taratibu mpaka mwisho, akaikunja vizuri kama nilivyokuwa nimeikunja, akanirudishia.

"Acha anichukie," alisema. "Akiwa salama, anaweza kunichukia."

Hapo nikalia mimi, kwa sauti, na hao wasikilizaji wake kama walikuwepo walisikia vya kutosha.

Kesho yake, kwa bahati, alikuja kupima gauni mteja wangu mmoja, mwalimu wa kompyuta. Nikiwa nambana pini kiunoni nikamsimulia yote. Akaanza kucheka, kisha akaniona uso akaacha. Akasema lile si onyo hata kidogo, ni tangazo la matapeli lililovaa nguo za onyo. Ukurasa ule hauoni chochote ndani ya simu. Ni sawa na mtu anayekupigia kelele barabarani kwamba umeibiwa, ili wewe uguse pale ulipoficha pesa naye apaone. Nikamwambia gauni lake halimaliziki mpaka twende kwa dada. Tukaenda, pini zikiwa bado kiunoni, masikini, anatembea kama mtu aliyemeza rula.

Mama yako alikubali simu iwashwe kwa sharti intaneti iwe imezimwa na tuzungumze kwa kunong'ona. Tukanong'ona, watu wazima watatu. Ule wekundu ulikuwepo bado. Mwalimu hakugusa neno lolote pale, hata kile kialama cha kufungia kilicho pembeni, akasema nacho ni mtego. Akafunga kivinjari chenyewe chote, akafuta kumbukumbu zake, kisha kwenye mipangilio akakuta ukurasa ule ulishapewa ruhusa ya kutuma arifa. Mama yako huruhusu kila anayeomba kwa adabu. Akaiondoa ruhusa. Akakagua kama kuna programu ngeni, hakuna. Nakuandikia haya yote kwa sababu nawe una simu, na likikutokea usije ukanunua sufuria.

Lakini dada hakuridhika. Unamjua. Ikabidi mwalimu atoe simu yake mwenyewe, aufungue ukurasa ule ule, na yeye akaletewa wekundu ule ule, king'ora kile kile, maneno yale yale herufi kwa herufi.

"Kwa hiyo haikuwa inanisema mimi?" dada aliuliza.

"Haimjui mtu yeyote, mama. Inawaambia wote hivyo hivyo."

Dada akaichukua simu yake, akaiweka sikioni, akafumba macho. Hakuna aliyepiga, alikuwa anasikiliza tu, kama enzi zake za kazi. Halafu akatamka kwa sauti yake ya kawaida, ambayo sikuwa nimeisikia siku zote hizo, kwamba laini ni safi.

Alipowasha intaneti, ujumbe wako ukaanza kumiminika. Alisikiliza kila kipande cha sauti yako, na hakutaka turuke hata kile ulichorekodi kwa bahati mbaya ukifunga mlango. Akafika kile cha mwisho, unaposema hutamsumbua tena. Akainuka palepale akapiga. Namba haipatikani. Akapiga tena. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba namba hiyo imeshafungwa, mama. Akasema anajua. Akapiga tena.

Kuhusu likizo, hajawahi kukasirika. Nimemuuliza kwa nini siku ile alikujibu "haya" tu akakata. Kumbe maziwa yalikuwa yanafurika jikoni. Ndiyo hayo tu, Kadogo, maziwa.

Habari nyingine za hapa si nyingi. Jiko limezibwa paa, halivuji tena. Lile gauni lako la bluu nimelipunguza mabega, linakungoja hata ukija mwakani. Mwalimu naye nimemshonea bila malipo, na usinisimange, kuna kazi ambazo mtu halipwi kwa pesa.

Sasa naandika, na mama yako amekaa nyuma yangu kwenye kiti cha wateja, simu mapajani. Tangu siku ile haiachi. Akienda kuoga huiweka kwenye kigoda mlangoni. Juzi alipiga muuza vyombo, alivyoruka utadhani ameungua, na alivyosikia si wewe akamshukuru kwa kupiga, akanyong'onyea. Na ile namba yako ya zamani bado anaipiga. Mtu aliyemaliza maisha yake yote kwenye kazi ya simu hahitaji kuambiwa kwamba namba iliyofungwa haijibu, lakini anapiga.

Mwanangu, namba yake ni ile ile. Piga. Kama hasira hazijakuisha, piga umgombeze, atakaa kimya akusikilize mpaka uchoke. Mimi naogopa kitu kimoja tu, kwamba barua hii itachelewa njiani na wewe utaendelea kuamini huna mama, hali unaye, tena wa kupita kiasi.

Mjomba wako anakusalimu, na jirani wa ukutani, na mwalimu wa kompyuta ambaye sasa anakujua kwa sauti. Mungu akufunike huko uliko, akupe afya, na akulinde na watu wabaya wa kweli.

Nimemuuliza mama yako nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Amekataa. Anasema za kwake haziandikwi, ukipiga atakupa mwenyewe.

Wako akupendaye, hata ukinuna,
Mama Mdogo