Babu Ameambiwa Tumehama

Kwako baba, uliyelala hapo nyuma ya nyumba,

Shikamoo. Najua kukuandikia ni kama kumwandikia mtu aliye chumba cha pili. Kutoka hapa nilipokaa mpaka ulipo ni hatua chache tu, na ningeweza kuja nikasema. Lakini haya sitaki kuyasema kwa sauti, maana siku hizi sijui nani yuko nyuma ya ukuta. Wewe wanijua mimi na maneno. Darasa la tatu niliacha. Basi nitaandika kama nisemavyo, na pale nitakapokosea utajua nilitaka kusema nini. Ulikuwa ukijua hata nikinyamaza.

Wakumbuka siku ile tulipotoka Kikambala? Ulikuwa umepeleka makuti hotelini, na yule msimamizi akakupa karatasi, akasema hiyo ndiyo ahadi, makuti yao ya mwaka ujao yote yatatoka kwetu. Tulipofika Mnarani kungoja feri ukaitoa mfukoni ukanipa nisome. Nikasoma jina lako tu.

"Na hayo mengine?"

"Hayo mengine ni Kizungu, baba."

Ukacheka. Ukaikunja ile karatasi taratibu kama mtu akunjaye leso ya mwenzake, ukaniambia, "Kazungu, ukishindwa kusoma karatasi, msome mwenye karatasi. Yule hakunitazama hata mara moja." Mwaka uliofuata makuti yalitoka kwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo mimi natazama watu. Wanasema nina haya, wanasema nimezubaa. Kumbe nipo kazini.

Na ni wewe uliyenipeleka kwa babu mara ya kwanza, nikiwa bado nakushika kidole. Uliniambia lile gogo refu lililochongwa, lenye kichwa cha mviringo na vitambaa kiunoni, si gogo. Ni babu. Ni kigango chake, wazee wenziwe walimsimamishia alipokufa. Ukamwaga tembo la mnazi kidogo pale chini, ukamwambia jina langu. Halafu ukanifunza, na nilikuona hukuwa ukicheka: "Kigango hakihami. Anayeking'oa ameita msiba nyumbani mwake. Sisi tukihama, twachonga kingine kidogo, kibao, twakisimamisha huko twendako. Twamwagia tembo, twamwambia, tumehama, tufuate. Hapo ndipo naye huja."

Nikakuuliza, "Na asiposikia?"

"Babu yako asikia kuliko wewe."

Sasa nikueleze yaliyopo.

Baraza la mji lataka makao mapya. Si ofisi moja, baba, ni kama mtaa mzima: ofisi za madiwani, ukumbi, zahanati, maktaba, na bustani ya watu kupumzikia. Wamechora ramani tatu za mahali patatu. Pa kwanza ni ufuoni, karibu na mahoteli. Pa pili ni nyuma ya soko, kule kwenye bonde linalotuama maji. Pa tatu ni hapa petu, Mikoroshoni. Mvua za masika zilipokwisha diwani wetu alikuja, akatukusanya, akasema bado wanapima, hakuna lililoamuliwa, kila mtu atasikizwa. Maneno mazuri. Aliyasema yote huku akiutazama mkorosho, si sisi.

Ramani wakazibandika ukutani kwenye ukumbi wa zamani, watu wakaone. Nilienda na Jefwa, tuchongaye naye mawe kule timboni. Nilisimama mbele ya ile yetu mpaka miguu ikaniuma. Nyumba hazimo. Ya mama haimo, ya Baba Mdogo haimo, kisima hakimo. Pana miti tu, ya mviringo kama vitumbua, na watu wamechorwa wakitembea mikono mitupu, hakuna hata mmoja aliyejitwika kitu. Nikaweka kidole kwenye kona ya barabara, nikahesabu hatua kama ninavyotembea kila siku. Pale aliposimama babu wameweka mlingoti wa bendera. Pale ulipo wewe wameweka benchi.

Jefwa akaona kidole changu kiliposimama. Akasema kwa sauti, maana huyo hajui nyingine, "Furahi, ndugu yangu. Mawe yatatoka timboni kwetu. Utamjengea babako ofisi juu ya kifua, na mshahara upewe."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, baba. Hilo sikutaka kukuficha.

Sasa nakuja kwa ndugu yako. Baba Mdogo Charo ndiye mkubwa wa nyumba zetu tangu ulipoondoka, na kwa haki ametulea. Mimi kaniita mwanangu mbele ya watu na nyuma ya watu. Lakini nilianza kumwona. Paa lake lilivuja masika yote asilitie kuti hata moja. Yeye, fundi wa makuti. Mama akasema, "Charo amezeeka, muacheni." Mimi moyoni nikasema, mtu ajuaye atakaa haachi paa likavuja. Halafu ile safari yake ya bara. Mara moja kila mwezi alikuwa akienda mbele ya Bamba, kwa rafiki yake aliyempa mahali pa kulishia mbuzi, na kila akienda alibeba kibuyu cha tembo. Baba, wewe wajua tumbo la ndugu yako. Hajaonja tembo miaka mingapi? Na huyo rafiki yake ni mlokole. Basi lile tembo ni la nani?

Kwanza nilimdhania vibaya zaidi. Wajua kuna watu hupita vijijini kutafuta vigango, huvinunua kwa siri wakawauzia wageni, na kuna nyumba hapa jirani waliamka wakakuta shimo. Nikaogopa ameanza kuzoea njia hiyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda timboni nilipita kwa babu kumtazama. Alikuwepo. Nikaona aibu kumlinda babu asiibwe na mtoto wake mwenyewe.

Jumapili moja nikaenda bara bila kumwambia mtu. Yule mlokole akanionyesha mahali pa mbuzi, akarudi zake. Palikuwa pamefyekwa. Nguzo za nyumba zilikuwa zimechimbiwa, nane. Hizo hazikunishtua, mtu yeyote aweza kujenga. Lakini mwisho wa kiwanja palisimama kibao, kama urefu wa goti langu. Nilidhani nitakuta mti mweupe, uliochongwa juzi. Nikakuta umeshakuwa wa kijivu. Kitambaa kimepauka kwa jua, mchwa wameshajenga ubavuni. Na pale chini udongo ulikuwa mweusi ukinuka tembo, tembo la mara nyingi.

Nikakaa chini. Diwani alikuja kwetu baada ya masika akasema hakuna lililoamuliwa. Kibao kile kilikuwa kimepigwa na masika yale yote. Babu alikuwa ameshaambiwa tumehama, kabla sisi tulio hai hatujaambiwa kwamba twapimwa.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Madiwani walikaa mbele kwa viti, na karani wao, mtu wa bara kwa sauti yake, alikuwa na daftari kubwa. Mzee Mwaro alikuwepo, yule mwenzake babu, ambaye kwa mikono yake alikichonga kigango. Watu wa ufuoni wakasema yao, wa sokoni wakasema yao. Ilipofika zamu yetu akasimama Baba Mdogo.

"Sisi watu wa Mikoroshoni twaamini baraza," akasema. "Hakuna aliyeambiwa ahame. Tuwaache wapime, kisha watatwambia."

Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga. Mimi nilikuwa nyuma, nimeegemea ukuta, na sijui ni nani aliyenyanyua mkono wangu. Wewe wajua sijawahi kusema mbele ya watu kumi. Nilipopewa nafasi nikasema la kwanza lililonijia.

"Baba Mdogo, shikamoo."

Ukumbi wote ukacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Kwani asubuhi hawakuonana hawa?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu Baba Mdogo, naye anacheka.

"Nauliza tu. Babu umemwambia tumehamia wapi?"

Madiwani wakatazamana. Karani akafunua daftari, akauliza huyo babu ni nani na kama ameandikishwa. Sauti ikatoka nyuma, "Huyo hayumo kwenye kitabu chako, bwana." Hakuna aliyecheka.

Mzee Mwaro akageuka kwenye kiti chake, pole pole. "Charo. Umesimamisha kibao?"

Baba Mdogo akatazama chini.

"Nimekuuliza mbele ya watu."

"Nimesimamisha."

"Lini?"

"Wakati wa korosho. Za mwaka jana."

Sikuhitaji kuongeza neno. Kila mtu pale, hata asiyesoma kama sisi, alihesabu mwenyewe kutoka korosho mpaka masika, na kutoka masika mpaka diwani. Wanawake wakaanza kusimama. Mmoja akamuuliza diwani, kwa upole kabisa, wanapima nini tena ikiwa kimeshapimwa. Mwenyekiti akasema mkutano umeahirishwa, madiwani watakuja wenyewe kupaona mahali, siku itatangazwa. Diwani wetu alitoka kwa mlango wa nyuma. Na safari hii alinitazama.

Nilidhani Baba Mdogo atanipiga. Hakunipiga. Tulirudi pamoja kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Wafikiri nimeuza."

Nikasimama nami, mbali naye kidogo.

"Kazungu, lini umeona watu kama sisi wakapimwa wakabaki? Ulikuwa mdogo, hukuona waliokuwa pale penye hoteli walivyohamishwa. Hata wafu wao hawakuagwa. Mimi nilisema mzee wangu hataachwa chini ya choo cha karani. Nikamtengenezea mahali mapema. Hilo ndilo kosa langu."

Baba, machozi yalinilenga. Nilimwona vile alivyokonda, nikakumbuka ni yeye aliyenibeba mgongoni siku tuliyokuzika wewe. Nikataka kumshika mkono. Lakini swali lilikuwa limeshapanda.

"Mahali ni patatu, Baba Mdogo. Nani alikwambia ni hapa, na si ufuoni wala sokoni?"

"Mtu hahitaji kuambiwa," akasema. Naye alikuwa akitazama mkorosho.

Mzee Mwaro ndiye aliyetoa hukumu. Kibao haking'olewi, kama kigango tu. Lakini aliyemwambia mzee tumehama arudi akamwambie hatujahama, na mimi niende niwe shahidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuliza. Tukaenda jana. Njia nzima hatukusema ila habari za mbuzi. Akapiga magoti mbele ya kile kibao, akamwaga tembo.

"Baba," akasema, "nilikuita mapema. Ngoja kwanza kule kule."

Nikangoja aendelee. Nikangoja aseme nilikosea. Nikangoja aseme usije, kwako ni kule, watoto wako wapo kule. Akasimama, akajifuta magoti, akasema twende tusikose gari.

Nilikuita mapema. Ndivyo alivyosema, na neno lile limelala nami kitandani. Huenda ni mtu aliyevunjika moyo tu, hajui tena kusema la kushinda. Huenda. Nataka iwe hivyo, maana nikimkosa yeye sina baba mwingine duniani. Lakini sikulala. Hata mama, ambaye kwa upole ni kama dada wa watu wote, leo alimpa chai bila kumtazama, na mimi niliona nikasema moyoni, hili nimelileta mimi. Kama nimemdhania vibaya mtu mwema, unisamehe wewe, na umwombe naye anisamehe. Kama sikukosea, basi najua angalau nani yuko nyuma ya ukuta.

Madiwani hawajatangaza siku. Timboni nimeomba ruhusa. Jefwa amesema atanichongea mawe yangu mpaka nirudi, na safari hii hakutia mzaha. Nimeanza kuliezeka paa la Baba Mdogo mimi mwenyewe. Hakunikataza wala hakunisaidia. Wakija na karatasi zao watanikuta juu ya paa, na mama jikoni, na moshi ukitoka, waone kama hayo nayo wanaweza kuyachora mviringo.

Lakini kuna moja nisiloweza mimi, ndiyo maana nikakuandikia. Wewe uko karibu na babu. Mimi sijui sasa anasikia la nani, maana ameitwa mara nyingi kwa tembo tamu, na kuzuiwa mara moja kwa maneno machache. Mshike, baba. Mwambie bado tupo. Na wewe mwenyewe, ukisikia sauti ya ndugu yako ikikuita kutoka bara, hata ikiwa yalia, usiitike. Ngoja usikie yangu. Ni ile ya chini, inayokwama njiani. Isipokuita hiyo, hatujahama.

Pumzika. Nitapita asubuhi, bila maneno, kama kawaida yetu.

Mwanao,
Kazungu