Baba Anakuja Kushangilia Mnada wa Nyumba Isiyo Yangu

Bi Glenys mpendwa, nimejifungia garini nje ya kazini ili nikuandikie, maana nyumbani siwezi kulia mbele ya watoto, na majina nimeyabadilisha kwa sababu baba yangu hulisoma gazeti lako kuanzia ukurasa wa mwisho, penye safu yako hii ya ushauri. Mimi ni mfamasia mkuu wa hospitali hapa Melbourne, nina miaka arobaini na tatu, mume wangu Anton ni mwalimu wa sekondari, mtu akiusikia mshahara wetu anasema hawa wameshapata, na mimi mwenyewe nilidhani hivyo.

Baba, tumwite Des, alikuwa dereva wa tramu. Kwa mshahara huo mmoja alinunua nyumba ya matofali kule Preston, vyumba vitatu, ua wa kukimbia mpaka uchoke, marehemu mama alikuwa nyumbani, Jumapili kulikuwa na mguu wa kondoo wa kuoka, na kila Januari tulifunga karavani, kile kinyumba cha magurudumu, nyuma ya gari tukaenda baharini Rosebud wiki tatu, tukirudi ngozi inachubuka na mchanga umejaa kwenye mashuka, na sikusikia hata siku moja wazazi wangu wakinong'onezana tutakaa wapi. Bi Glenys, nikikumbuka harufu ya zile nyasi zilizokatwa na baba anaimba na kaptura yake ya kazini, natamani nirudi kuwa mtoto. Nilidhani maisha ndivyo yalivyo, kwamba ukisoma na kufanya kazi utayakuta yanakusubiri.

Miaka sita iliyopita tulihamia nyumba hii ya mtaa wa Reservoir, ya kupanga, na kwetu mtoto akinunua nyumba baba humletea mche wa mlimau apande uani, kaka yangu alipandiwa wake, basi siku ya kuhamia nikamwona anashuka garini na mche na sanduku la vifaa, akamshika Anton mkono mpaka machozi yakamlenga, "Hongera mkwe wangu! Sasa mtu akigonga unafungua mlango wako mwenyewe," nilitaka kumwambia tumepanga tu, na alipoanza kuchimba shimo huku anapiga mluzi nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo imekuwa miaka sita. Ametupigia shelfu kila chumba, na dalali wa mwenye nyumba akitangaza kuja kukagua, sisi tunazing'oa zote, maana mpangaji haruhusiwi kutoboa kuta, tunaziba matundu kwa puti, tunapaka rangi, akiondoka tunatoboa upya kabla baba hajaja Jumapili.

Sasa mwenye nyumba anauza. Bango liko kwenye nyasi za mbele, mnada ni Jumamosi hii saa tano asubuhi, pale pale barabarani majirani wakitazama. Baba akaliona. "Mnauza bila hata kuniambia?" Kabla sijajibu Anton akaropoka, "Tunatafuta kubwa zaidi, mzee." Uso wa baba ukang'aa! "Niliwaambia pale klabuni! Mshahara wa huyu mtoto ni mara tatu ya wangu, lazima anipite!" Anakuja na wazee wenzake wanne wa klabuni, na viti vya kukunja na chupa za chai, washangilie bei ikipanda. Anton naye kamwomba dalali aturuhusu tusimame barazani kama wenyewe, dalali akacheka akakubali.

Tukitoka hapa hatujui tunahamia wapi. Nimwambie baba, nimvunje moyo na miaka yake themanini na moja, au nicheze huu mchezo Jumamosi halafu nitafute la kusema? Na nimekosea wapi, Bi Glenys, mbona kila nilichoambiwa nifanye nilikifanya?

Mpangaji, Reservoir

*

Mpangaji mwanangu, pole. Pole sana.

Nianze na la mwisho, maana ndilo linalokuuma. Hujakosea popote. Mshahara wako ni mzuri kwa chakula, gari na meno ya watoto. Kwa nyumba ya hapa mjini hautoshi tena, na anayekwambia ungeacha kahawa ya dukani ungenunua, mwambie akuonyeshe hiyo kahawa. Mimi na marehemu mume wangu, fundi bomba, tulinunua nyumba kule Thornbury nikiwa na mimba ya pili, na wala hatukuwa wajanja. Tuliwahi tu.

Na mimi hizo Januari nazikumbuka, mpaka leo nikiona karavani barabarani nasimama kuitazama. Ila mama yako umemtaja mara moja, "alikuwa nyumbani", basi. Ulishawahi kumuuliza alitaka nini? Nilikaa jikoni miaka kumi na nne, najua kwa nini nauliza.

Sasa nikugombeze. Kukosa nyumba si kosa lenu, uongo ni wenu. Na huyo Anton, jamani! Mtu mzima anaomba ruhusa ya kuigiza mwenye nyumba? Nyundo ikishagonga, ataitwa mwenye mali asaini, atainuka mtu mwingine kabisa, na wazee watano watakuwa wanatazama. Hapo unamlinda baba yako na nini? Unamwandalia aibu mbele ya watu wale wale aliojisifu kwao.

Nenda kwake kesho ukitoka kazini, peke yako, Anton abaki na watoto. Usianze na habari za mvua. Sema, "Baba, ile nyumba tumepanga, tangu siku ya kwanza." Atakasirika, pengine atatoka nje akajifungie kwenye kibanda chake cha vifaa. Usimfuate. Akirudi mwambie na la pili, kwamba hamjui mtahamia wapi. Vyumba vyake usiviombe; akivitaja mwenyewe, hilo ni lake.

Na usimwombe radhi kwa kukosa nyumba. Mwombe radhi kwa miaka sita ya kumwacha mzee wa watu afurahi peke yake. Alikuwa anafurahi, na wewe ulikuwa umesimama pembeni unamtazama.

Nenda kesho, mwanangu, kabla hajaanza kupiga pasi shati la Jumamosi.