Kiplagat, Wanasema Uliisoma na Kuikubali

Mwaka umetimia, Kiplagat, tangu moyo wako usimame ghafla hapa Laurel, Marekani, nasi tukakupeleka Kapsabet kupumzika.

Ulikuwa mtu wa kushuku, na tulikupenda hivyo hivyo. Maziwa uliyanusa hata kama tumeyafungua sasa hivi. Mtu aliyepotea siku nyingi akikutumia salamu, uliuliza, "Anataka nini huyo?" Kisha ulimpigia simu, na alichotaka ukamsaidia.

Maabarani ulichunguza jinsi vipande vidogo vya RNA vinavyoiambia seli protini ipi itengenezwe na ipi isimamishwe virusi vinapoingia. Ulimweleza binti yako Cheryl mezani kwamba mwili hausubiri kumjua adui. Ukishuku tu, unaanza kujikinga. Uliyasema hayo kwa fahari, kama unasimulia habari za ukoo wenu.

Katika mwezi wako wa mwisho ulikuwa ukirudi nyumbani umenuna. Seli ambazo hazikuwekewa kitu chochote nazo zilikuwa zinajikinga. "Kuna uchafu umeingia mahali," ulituambia. "Siweki jina langu kwenye makala mpaka turudie majaribio." Ulifariki kabla hamjarudia.

Mwezi wa nane mwenzako Bupe alituletea makala ya maabara yenu ikiwa kwenye fremu, jina lako likiwa la tatu. Tulilia kwa furaha. Kisha Cheryl akasoma mstari wa chini kabisa: waandishi wote wameisoma makala hii na kuikubali.

"Mom, hapa wameandika walimaliza June," alisema. "Dad alituacha March."

Majarida huwa yanaweka alama ndogo kando ya jina la marehemu. Kando ya lako hakuna. Na majaribio yanayoelezwa ni yale yale uliyoyakataa.

"Walirudia?" tulimuuliza Bupe.

Aliangalia zulia. "Dada, mimi nimetumwa tu kuleta fremu." Huenda ni kweli, lakini chai hakuimaliza.

Tumeliandikia mara mbili jarida lililoichapisha. Wiki jana wametujibu kwa upole kwamba anayeweza kuomba jina liondolewe ni mwandishi mwenyewe.

Basi tunakusemea hapa, kila mtu asikie: hukuisoma. Hukuikubali.

Tunaokukumbuka ni mkeo Jerotich, binti yako Cheryl, dada yako Serah wa Woodbridge, na mama yako Kapsabet, ambaye bado hatujamwambia habari hizi. Siku zote tutakukumbuka, Baba Cheryl, kwa yale uliyoyasema wewe mwenyewe.