Majivu, Ndimu na Meno Yangu

Mwende mjukuu wangu,

Huku Mutomo mvua imenyesha na mbuzi wamezaa. Babu yako anakusalimu.

Unauliza kama daktari akung'arishe meno kabla ya harusi. Mimi kabla ya harusi yangu niliyasugua yangu kwa majivu na ndimu mpaka ufizi ukatoa damu, lakini ukahawia haukutoka. Daktari akaniambia ni maji ya kisima, yaliingia ndani ya jino tangu utotoni.

Nikaenda kwa wakwe nimeziba mdomo kwa leso. Mama mkwe akaishusha, akacheka. Meno yake yalikuwa ya kahawia zaidi kuliko yangu!

"Kumbe tumekunywa maji ya kisima kimoja!"

Nenda kwa daktari, mama, usiguse majivu. Lakini ukifika kwa wakwe, usingoje meno yang'ae. Cheka.

Susu wako