Kurasa za Mwisho za Ndeti

Rukanga,
10 Septemba 1974

Kwa kaka yangu Gilbert,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiomba barua hii ikukute mzima hapo stesheni Voi, na kile kifua kimetulia. Sisi tu wazima, ila ndovu wamemaliza mihogo yote ya upande wa chini.

Kaka, nina shida, nayo imetoka kwa kile kitabu ulichonitumia, alichokisahau abiria. Nilikuwa nawasomea kina mama kila Alhamisi baada ya maombi, tukipukuchua mahindi. Ni habari za Ndeti, aliyeolewa ugenini akafiwa na mume, na wenyeji wakawa wanamfukuza kisimani. Phoebe, unaujua mdomo wake, akasema wanawake hao wana roho ya fisi. Halafu macho yake yakaenda mlangoni. Loise, mke wa Mutiso, wale Wakamba waliohamia juzi, alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mgongoni, na ndiye tuliyemwambia kila siku angoje sisi wa hapa tuteke maji kwanza. Kesho yake Phoebe mwenyewe alimtwika ndoo.

Alhamisi tulimaliza. Jumapili wakamtaja Ndeti kwenye maombi, wakamchangia madebe mawili ya mahindi, maana amerudi nyumbani hana kitu. Mzee wa kanisa Mwandawiro akaniuliza anasali kanisa gani, apelekewe. Sikuwa nimewaambia kwamba hadithi ni ya kubuniwa. Wamezoea nikifungua kitabu ni Neno la Mungu. Sasa nani atanisikiliza nikisoma Zaburi?

Jumapili hii nitasimama niseme. Lakini liko lingine ambalo hata Baba Elijah, ninayelala naye nyumba moja, sijamwambia. Kitabuni Ndeti harudi. Anafia kando ya reli, na hakuna aliyemfuata. Nilipofika hapo niliinua kichwa, nikamwona Loise ananitazama. Nikaendelea kufungua kurasa huku nikisoma yasiyoandikwa, kwamba wale wanawake walimkimbilia wakamrudisha, akateka wa kwanza. Loise alilia, akicheka.

Jana alikuja kwangu. Kumbe alifika darasa la saba, ananishinda kusoma. Akaomba kitabu, apasome mwenyewe pale pa kurudi. Leo asubuhi nimempa. Akiuliza kurasa za mwisho ziko wapi, nitasema ni panya, na hiyo itakuwa dhambi ya tatu.

Kurasa tatu zilizomo katika bahasha hii ndizo hizo. Usizichome, kaka, wala usinirudishie. Niombee.

Wasalimu Tryphena na watoto, mmoja mmoja.

Ni mimi dada yako,
Mkamburi