Nilisema Urusi

Gesima, 25 Machi

Kwa nini nilimjibu ndiyo? Mjukuu wangu Kerubo aliuliza tu akinipa uji: "Sokoro, Minsk ulikosomea si ni Urusi?" Nimewajibu watu hivyo maisha yangu yote.

Hanna, niliyempenda huko, aliniomba jambo moja tulipoagana. Babu yake alikuwa kati ya Wabelarusi waliotangaza jamhuri yao tarehe kama ya leo, 1918. Haikumaliza mwaka. "Ninyi mmepata nchi," alisema. "Ukifika kwenu, ututaje kwa jina letu."

Sikuwataja. Urusi ilikuwa rahisi kueleza, na sasa pumzi inaniishia.

Jioni nilimwita Kerubo. "Nilikudanganya. Ni Belarusi."

"Sokoro! Umenitoa kwenye kuchuma majani chai kwa hilo tu?"

Kwa hilo tu. Laiti Hanna angenisikia.